Kilio Kilichopigwa Mlangoni Kwangu

Mjomba wangu alirudi kutoka migodi ya shaba na vitu vitatu: kikohozi, koti zito la baridi, na gramafoni ya mkono iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Alikuwa pia na kisanduku cha santuri kumi na nne, alizopewa na Mzungu ambaye yeye alikuwa mpishi wake. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ndogo upande wa kijiji cha Mpemba, nimezoea kuandika majina ya watoto kila asubuhi. Nikaziandika na santuri hizo katika daftari, moja baada ya nyingine.

Nyingi zilikuwa za dansi. Moja ilikuwa ya mwanamke anayeimba peke yake, na mjomba alisema hiyo nusura ivunje nyumba ya bwana wake. Mke akiipiga, alilia machozi. Mume alitoka nje akisema ni mbuzi anayechinjwa na mtu asiyejua kuchinja. Hata wageni waliokuja kunywa chai waligawanyika, hawa wakimsifu mwanamke yule, hawa wakiziba masikio.

Mjomba alitaka kuona majirani zangu watakaa upande gani. Asubuhi moja, watu wakiwa mashambani wanavuna ulezi, aliiweka gramafoni kwenye kizingiti cha nyumba yangu, akazungusha mkono, akashusha sindano.

Sauti ilianza chini, ikapanda, ikakaa juu kabisa bila kutetereka, kisha ikashuka kwa vipande. Kwetu kilio cha msiba huenda hivyohivyo. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya kijito. Alikuwa amekwisha fungua kilemba chake, na alipofika alijitupa chini mbele ya mlango. Nyuma yake wakaja wanawake saba, na mzee mmoja aliyeshika jembe. Hawakuuliza nani amekufa. Walijua kwamba mke wangu yuko katika mwezi wa tisa, na kwamba watoto wawili waliotangulia tuliwazika kabla hawajalia hata mara moja.

Walipoona ni sanduku la gramafoni linalolia, mjomba peke yake ndiye aliyecheka. Watu waliondoka kimya, na yule jirani alisahau kilemba chake pale chini.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Kamsamba kungoja uzazi. Kwetu mkwe na mkwewe hawatazamani, kwa hiyo miaka mitatu nilikuwa sijauona uso wake. Alikaa jikoni, akazungumza nami kupitia ukuta.

"Mwalimu," alisema, "kilio kimelia mlangoni kwako. Kilio kisichokuwa na maiti huenda kuitafuta."

Nilimjibu kwamba ni chombo tu. Alisema anajua ni chombo, hata ngoma ni chombo. Kisha akanieleza dawa yake, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwanamke aliyelia kwa makosa huitwa arudi palepale alipolilia. Huinama, akabembeleza kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto mchanga. Ni lazima awe yeye mwenyewe. Hakuna anayeweza kukinyamazisha kilio cha mwenzake.

"Huyo mama anakaa wapi?" akauliza.

Nilisema anakaa ng'ambo ya bahari, na huenda alikwisha kufa zamani.

Nilisikia akifunika chungu. "Basi mmetuletea kilio cha maiti."

Nilikuwa mtu wa kanisa. Nilijiambia kwamba hayo ni mambo ya wazee, na usiku nilisali kama kawaida. Lakini niliona mambo. Niliona mke wangu ameacha kushona kijishati alichokuwa amekifikisha nusu. Alikikunja akakichomeka juu ya boriti, mahali tunapoweka vitu visivyohitajika karibuni. Niliona wanawake wakipita nyuma ya nyumba badala ya mbele. Niliona miguu ya mke wangu ikivimba. Mwanzoni mjomba alinitania kwamba mwalimu mzima anaogopa sanduku. Siku alipoiona miguu ile, aliacha.

Kwenda hospitali ya misheni ya Mbozi lilikuwa jambo la kwanza nililofikiria. Mke wangu alijaribu kutembea hadi shuleni, akarudi ameegemea ukuta. Hangefika.

Jumapili baada ya ibada nilibeba gramafoni na kisanduku hadi darasani, nikafunga mlango. Sikujua ninatafuta nini. Nilichukua daftari nikaanza na namba moja, nikipiga kila santuri mwanzo hadi mwisho, nguo ikiwa imeshindiliwa ndani ya mdomo wa gramafoni ili sauti isitoke nje. Ya kumi na nne nilikuwa nimeiandika "haina karatasi", kwa sababu karatasi yake ya katikati ilikuwa imebanduka. Niliishushia sindano.

Nilidhani springi imelegea. Sauti ya mwanamke ilikuwa ndogo mno, iko karibu mno, kama ya mtu anayeimba akiwa na mtoto begani na hataki kumwamsha. Nikazungusha mkono, sauti ilibaki vilevile. Ndipo niliposikia pumzi. Katika ile santuri ya kilio, kila mara kabla ya kupanda, mwanamke yule alivuta pumzi fupi kwa meno, kama mtu anayeingiza mguu katika maji ya baridi. Hapa napo alivuta pumzi hiyohiyo.

Nilipiga hii, nikapiga ile. Nilifanya hivyo mara sita. Alikuwa yeye. Mbuzi aliyekuwa akichinjwa alijua kunong'ona.

Badala ya kufurahi, nilizidi kuogopa. Nikikosea, nitakuwa nimeleta mgeni anyamazishe kilio kisicho chake, na mama mkwe alikuwa amekwisha niambia kwamba hilo halifai kitu.

Nilisimama nje ya ukuta wa jikoni nikamweleza.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Nimeijua pumzi yake."

Akaniamuru niiweke gramafoni kizingitini, palepale, mdomo wake uelekee ndani. Kisha niondoe nguo. Niliipiga. Ilipokwisha alisema, "Tena." Nikarudia mara tatu, na mara moja sindano ikaruka. Mama mkwe alisema tu, "Huyu amewahi kulea," akarudi kwenye chungu chake.

Uchungu ulianza Jumatano asubuhi. Kufikia adhuhuri wanawake walinituma kuni, nami nilijua hawahitaji kuni. Nilikwenda mbali kuliko ilivyolazimu. Niliporudi na mzigo begani, nyumba ilikuwa kimya. Nilisimama nikasikiliza. Hakukuwa na kilio cha mtoto wala cha mtu mzima.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka, hakujifunika, akaja moja kwa moja akanitazama machoni. Alikuwa na kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto. Nilijua jambo moja tu linalowakutanisha wakwe uso kwa uso hivyo, nalo ni msiba wa mtu mzima. Hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba liko la pili, kwa sababu nyumba yangu haikuwa imelifikia.

"Mwalimu," alisema, "wamelala wote wawili."

Kuni zilinitoka begani.

Akageuka haraka kutazama mlangoni, kisha akanirudia kwa hasira, kwa sauti ya chini kama ile ya santuri ya kumi na nne.

"Weka taratibu," akasema. "Utawaamsha."