Kidonda Chini ya Gunia

Nakumbuka vizuri asubuhi ile ya mavuno, mwanangu. Upepo wa Ufipa ulivuma kwa baridi ambayo, nikikuambia uji uliganda kati ya chungu na bakuli, usinibishie, wewe hukuwepo. Nilikuwa darasa la saba, kijijini kwetu upande wa Kate, na nilikwenda kwa rafiki yangu Gaudensia kumwazima punda.

Huyo hakuwa punda wa hivi hivi. Gaudensia alikuwa na mguu uliopooza tangu utotoni, na shule ilikuwa ng'ambo ya vilima viwili. Punda jike yule, tulimwita Malkia, ndiye alikuwa miguu yake. Alimpanda kila asubuhi, daftari kifuani, nami nikitembea kando huku akinifundisha kusoma, maana darasani ningekuwa wa mwisho hata kama tungekuwa wawili tu. Yeye alikuwa wa kwanza. Alitaka kuwa mwalimu, na walimu wenyewe walishaanza kumwogopa.

"Mchukue, Skola, si ni likizo," aliniambia. "Ila umtandikie nyasi za kutosha. Mgongo wake laini, si kama kichwa chako."

Tukacheka.

Kwetu mavuno yakiisha, ng'ombe hufunguliwa mashambani wale mabua. Ukichelewa, ulezi wako umeliwa na huna wa kumlalamikia. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Basi nikaona kujaza nyasi chini ya gunia la matandiko ni kupoteza muda. Nikamfunga Malkia mizigo kwa kamba ya katani, nikamswaga. Safari mia kwa siku! Haya, tuseme saba. Siku ya tatu nilipoinua gunia, nikakuta kidonda juu ya mabega, kipana kama kiganja changu, chekundu, kinanuka. Ulezi ulibaki wa safari moja. Nikalirudisha gunia juu ya kidonda, nikapakia.

Jioni nikampeleka kwao, gunia likiwa bado mgongoni.

"Hajambo?" Gaudensia akauliza.

"Hajambo, anakusalimu."

Nikaondoka haraka, na wiki nzima sikukanyaga pale. Bibi yake alipokuja kulifunua lile gunia, kidonda kilishaingia funza. Akaniita. Hakunichapa, na heri angenichapa.

"Skola," alisema, "kumuumiza mnyama kazini hutokea, hata mimi yamenipata. Lakini ungesema siku ileile, ningekiosha kwa maji ya chumvi, na shule ingefunguliwa amepona. Sasa mjukuu wangu atakwenda na nini?"

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Ila hawakusema kwamba wakati mwingine anayelia ni mwingine.

Shule ikafunguliwa. Malkia hakuweza kubeba hata nzi. Nikasema nitambeba Gaudensia mimi, na nikambeba. Siku ya kwanza niliimba njia nzima. Siku ya pili nilipumzika kwenye kila jiwe, na mawe ya Ufipa unayajua. Siku ya nne nikamtuma mdogo wangu akamwambie nina homa. Sikuwa na homa, mwanangu. Nilichoka tu. Gaudensia akajaribu peke yake kwa fimbo, akaanguka kijitoni, akarudi na madaftari yanachuruzika maji. Hakwenda tena.

Mtihani ulikuwa Septemba. Kidonda kilifunga Oktoba.

Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nimekaa na punda umri wangu wote, na teke baya kuliko yote nalijua nani alilipiga.

Uzeeni nikaanza masomo ya jioni huku Izia, mjini Sumbawanga, wajukuu wakinicheka mpaka wanadondoka vitini. Nilipopata cheti, nikakipeleka kwa Gaudensia, bado yuko kulekule. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi. Akafuta mikono, akakisoma chote kwa sauti, mpaka herufi za kwenye muhuri, hakukwama hata mara moja. Mimi mwenye cheti nilikuwa bado nakwama.

"Hongera, Skola," akasema, akinirudishia. "Malkia aliishi sana baada ya pale, unajua? Alipona kabisa."

Maneno ya toba niliyokuja nayo kutoka Sumbawanga yangejaza lori. Halikutoka hata moja. Hakusema amenisamehe, na mimi sijapata mdomo wa kumuuliza. Sasa sote ni vikongwe.

Mwanangu, utawaumiza watu. Hilo halina mjanja. Lakini ukikiona kidonda, kiseme siku hiyohiyo, wakati maji ya chumvi bado yanatosha. Ukiulizwa "hajambo?", na wewe unajua si mzima, usijibu kama mimi. Na ukijitolea kumbeba mtu, ile siku ya nne ndiyo ya kumbeba.

Mungu akupe ulimi mwepesi kuliko wangu, akujalie rafiki kama Gaudensia, na umfikishe anakokwenda.