Atalho ya Mama

Sauti ya mama yangu niliipoteza mwenyewe, kwa mkono wangu, mchana kweupe, huku nikijiona hodari. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanipa huruma nisiyostahili.

Ilikuwa miaka ile gesi ilipoonekana baharini. Kijiji chetu cha kaskazini kikawa cha kuhamishwa, watu na makaburi yao. Masheikh walikaa, wakabishana, mwisho wakaridhia, ila kila ukoo uonyeshe wa kwake. Tatizo, makaburi yetu hayana maandishi. Jiwe la matumbawe kichwani, jingine miguuni, basi. Nani kalala wapi ni mambo ya vichwani mwa watu, na kwetu kichwa kilichojua yote kilibaki kimoja, cha mama.

Nami nilikuwa na wangu pale. Mwanangu wa kwanza, msichana, aliishi siku tisa. Jina alipewa siku ya saba. Alipokufa nilikuwa kitandani na homa ya uzazi, sijitambui, na baba akambeba kwenda kumzika. Nilipopona sikuuliza. Baba naye akafariki, sikuuliza. Nilijua tu kwamba kando ya ua wa makaburi pana vijikaburi vitatu vya vichanga, na kimoja ni cha mwanangu.

Basi likizo moja nikatoka Mocímboa, nilikokuwa nafundisha, nikaenda na simu ili mama anitajie makaburi moja moja, nimrekodi. Miguu ilikuwa ikimsumbua, tukapita njia ya mkato nyuma ya mikorosho, ile ambayo sisi tuliosoma shule ya Kireno tunaiita atalho. Alitaja wote: babu yake, shangazi zake, wajomba. Hata mzaha akafanya. Huyu, alisema, msimlaze karibu na yule, alimlia kuku wake na hakuomba radhi mpaka anakufa. Tulipokaribia vile vidogo nikasita. Nikampa simu mkononi, nikamwambia aseme mwenyewe, mimi nitasikiliza baadaye. Nikaenda kusimama mbali na leso mdomoni. Nilimwona anainama, ananyoosha kidole, midomo inacheza. Sikusikia neno hata moja.

Baadaye hiyo haikufika. Simu iliibwa sokoni, lakini sikujali sana, kwa sababu fundi mmoja wa mjini alikuwa ameshanihamishia sauti ile kwenye laptopu ya shule. Aliiweka ndani kabisa isije ikafutika kwa bahati mbaya, kisha akanitengenezea alama usoni pa kompyuta. Nikibofya hapo, inafunguka. Miezi mitatu haikuisha, mama akafariki. Kila nikiwasha kompyuta naiona ile alama, nasema si leo. Wallahi niliogopa vitu viwili kwa mpigo, kumsikia mama na kusikia alichosema pale.

Kisha shule ikaletewa laptopu mpya. Mwalimu mwenzangu aliyeletwa kutoka kusini, mjuzi wa mitambo hiyo, akajitolea kunihamishia vitu vyangu. Nikakataa. Mimi ni mtu wa kiburi, sina haja ya kuficha, na sikupenda mtu achungulie picha zangu. Nikachomeka flashi, nikahamisha mwenyewe. Picha za harusi zilichukua nusu saa. Ya mama ikapita kufumba na kufumbua. Chini yake paliandikwa "Mama – Atalho". Nikatabasamu. Kumbe yule fundi alinisikiliza nilipomsimulia tulivyopita njia ya mkato, akaandika hivyo ili nisisahau!

Laptopu ya zamani ilikuwa ifutwe yote, ipelekwe shule nyingine. Kabla hajaifuta, yule mwenzangu aliniuliza, kwa adabu zake zote, kama nimechukua pasta, yaani lile jalada lenye vitu ndani.

"Professora, umechukua pasta yenyewe, au atalho tu?"

Nikamjia juu. "Atalho ile naijua wewe hujazaliwa."

Akafuta. Nami nikatia saini.

Barua ya kutuita kuonyesha makaburi ilipokuja, nikasema sasa hakuna tena kukimbia. Nikajifungia chumbani, nikabofya. Yakaja maandishi ya Kireno: kitu unachokitafuta kimebadilishwa au kimehamishwa. Kimehamishwa! Mwaka ule hata kompyuta ilikuwa na neno hilo mdomoni. Nikabofya tena na tena kama mwehu. Ndipo nikamwita mwenzangu, akanieleza polepole, bila kunisimanga, kwamba atalho ya kompyuta si kitu, ni njia tu ya kukifikia kitu, na kitu chenyewe kilibaki kwenye ile tuliyoifuta. Akaifuata mpaka shule ya pili, akahangaika nayo siku mbili, akarudi macho chini. Laiti angenitukana. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alikuja akahamia kabisa.

Nililia. Sikumlilia mama, mama nilishamlilia. Nilimlilia yule wa siku tisa, kwa kuwa mamake alipewa nafasi ya kujua alipo, akaziba masikio.

Siku ya kuonyesha makaburi tulikwenda mimi na kaka yangu. Baba, mama na bibi tuliwajua. Wengine tuliwakisia. Karani wa serikali alikuwa na karatasi, kila kaburi na namba yake. Tukafika kwenye vile vidogo vitatu. Akauliza kipi ni changu, kwa maana karatasi inataka jina, na kisicho na jina huandikwa desconhecido, asiyejulikana. Kaka akasema tuwaache, Mungu anawajua. Ni kweli anawajua. Lakini mimi ndiye niliyemzaa, na sikuwa tayari aondoke pale akiitwa asiyejulikana.

"Wote watatu ni wangu," nikamwambia karani.

Akauliza kama walizaliwa pamoja. Nikamwambia andika. Akauliza jina la wa kwanza. Nikalitaja jina la mwanangu, ambalo sikuwahi kulitamka kwa sauti tangu azikwe. Akaandika. Akauliza la wa pili, nikalitaja lile lile. Akainua kalamu, akanitazama, kisha akaandika. La wa tatu hakuuliza.