Kitwitwi Mwenye Pete

Juzi, kwenye matope ya Mida, mimi na bibi mzaa mama tulimwona kitwitwi, ndege wa pwani, mwenye pete mguuni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Dubai.

Joto lilikuwa limeanza kupungua. Mama alifanya kazi za ndani kwa madam mmoja Al Warqa, na siku yake adimu ya mapumziko alinipa mimi: alinipeleka Ras Al Khor kutazama ndege. Tope lilinuka mayai viza. Vitwitwi walilia huku wakidonoa, na mmoja alivaa pete.

"Hao wanapita tu," mama alisema. "Wakitoka hapa wanakwenda kwetu Mida."

"Huyo wa pete haendi. Kafeel wake hajamruhusu," nilisema.

Nyumbani kwetu kule Dubai hakuna aliyesafiri bila ruhusa ya kafeel, mdhamini wake wa kazi, nami nilidhani pete ndiyo alama yake. Sikujua kuwa watafiti huwavisha ndege pete ili wawatambue. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio, kisha akampungia yule ndege mkono.

"Haya, nenda! Nisalimie mamangu!"

Basi juzi nilimpigia mama simu, bado yuko hukohuko Dubai. "Mama, ahsante. Salamu zako zimefika," nikamwambia, nikampa bibi simu.