Kanda Iliyotukaribisha Chakula

Mwanamke wa kwenye televisheni alimjibu Bi Shekha.

Sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimesimama kando ya deki na waya mkononi. Kama huamini, endelea na shughuli zako, maana mimi nimechoka kubishana na watu tangu mwaka 1986.

Mwaka huo nilikuwa na chumba cha video Malindi, nyuma ya soko. Deki yangu, televisheni ya Gitau, kijana wa bara aliyekuja kufanya kazi hotelini akaona huku kuna riziki zaidi. Akina mama alasiri, wanaume baada ya magharibi. Karate, kauboi, mapenzi ya Kihindi. Watu walijaa mpaka dirishani.

Sasa kulikuwa na Mtaliano mmoja, Renzo, mkazi wa Malindi wa miaka mingi. Deki yake iliharibiwa na chumvi ya bahari, akatupatia katoni nzima ya kanda bure. Moja haikuwa na jina.

"Hizi hazina jina ndio ziko moto," Gitau akasema.

Tukaiweka alasiri ile ile, chumba kimejaa akina mama.

Meza. Kitambaa cheupe. Bibi mzee wa Kizungu anapakua supu. Sahani anaiweka upande wetu wa meza, kisha anakaa na kututazama.

Muziki hamna. Damu hamna. Hata mlango haufunguki. Anatutazama tu, na wanawake walioangalia maiti za kila aina humo ndani huku wanatafuna kashata wakaanza kubanana kwenye mabenchi.

Halafu akasema, "Mangia."

Malindi hata muuza madafu analijua neno hilo. Kula.

Na sisi watu wa Pwani ukitukaribisha chakula hatuwezi kunyamaza. Kunyamaza ni kukosa adabu. Bi Shekha, aliyekaa mbele kabisa, ikamtoka tu: "Starehe, mama. Nimeshakula."

Bibi yule akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyesikia. Akachukua sahani nyingine akaifunika ile supu. Kanda ikaisha.

Akina mama walitoka kwa kusukumana. Bi Shekha alibaki amesimama.

"Abdillahi mwanangu, umeleta nini humu?"

"Ni filamu tu, Bi Shekha."

"Filamu haisikii."

Wanaume wakaja baadaye kwa kejeli, wakitaka waone hicho kilichowakimbiza wake zao. Neno likatoka, mmoja akajibu kwa mzaha, "Starehe, bibi." Kichwa kikatikiswa, na mzaha ukaishia hapo.

Wiki haikuisha, mji mzima unasema nafuga jini.

Iliniuma, sikufichi. Watu hao hao waliona watu wakichinjwa kwenye kioo changu wakaenda kulala usingizi mnono. Leo bibi kizee na sahani ya supu ndio wanawahamisha! Mabenchi yakabaki matupu. Gitau akaanza kuipangusa televisheni yake kama mtu anayejiandaa kusafiri.

"Hii kanda iko na shida, Abdillahi. Watu wasiporudi mimi napeleka TV yangu Mtwapa."

Bila televisheni mimi sina chumba, nina mabenchi tu.

Kisha akaja naibu chifu, Bwana Nzai. "Nionyeshe pale pabaya."

Nikamwonyesha yote.

"Matusi yako wapi?"

"Hakuna."

"Uchi?"

"Mama wa watu kavaa sweta mpaka shingoni."

Bibi akasema neno lake. Bwana Nzai, mtu aliyelelewa na watu, akajibu kabla hajajizuia: "Starehe, mama." Kichwa kikatikiswa. Naye akavaa kofia yake.

"Funga chumba hiki."

"Kwa kosa gani, mzee?"

Akafikiri sana. "Kosa nitalitafuta. We funga."

Hapo nilichemka. Nikamfuata Renzo nyumbani kwake nikamwambia njoo uwaambie watu hii ni filamu ya kwenu, wameniharibia kazi. Nikamwita Bwana Nzai, nikamwita Bi Shekha, wawe mashahidi. Gitau akawasha deki.

Meza ilipotokea tu, Renzo akakaa kwenye benchi.

"Huyu mama yangu," akasema.

Dada yake alikuwa amemtumia kanda ile kwa posta. Hakuitazama. Alidhani ni lawama, maana alikuwa hajarudi kwao miaka mingi. Mama alizikwa mwanzo wa mwaka, na hata maziko hakwenda.

"Mangia," akasema bibi.

Bi Shekha akafungua mdomo. Nikamwashiria kwa kidole: mwache mwanawe ajibu.

Renzo hakuweza. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Kwa mara ya kwanza mle chumbani hakuna aliyemjibu yule mama.

Bibi akatikisa kichwa vilevile. Akafunika sahani.

"Kumbe hakutusikia," Bi Shekha akanong'ona.

"Hapana. Yeye zoea mimi," Renzo akasema. "Toka mtoto, yeye ita kula, mimi sema bado. Yeye funika."

Akaniomba nirudishe kanda nyuma. Nikarudisha. Neno lilipotoka safari hii alijibu, kwa Kitaliano chepesi ambacho sote tulikielewa: ndiyo mama, nakula sasa.

Mama akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia. Akaifunika supu mbele ya macho ya Renzo.

Bwana Nzai aliniruhusu nifungue. Watu wakarudi, Gitau na televisheni yake wakabaki. Ila kila niliyemweleza ukweli alikunja uso. Walipenda zaidi ile habari ya jini. Nawaelewa. Jini ungemsomea dua akaondoka.

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu bado anakuwekea sahani, usimwambie "bado". Nenda ukale.