Wifi Suqin na Basi la Kwenda Nanyue

Wifi yangu Geng Suqin alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi mjini Zhuzhou, mkoani Hunan, tangu usichana wake mpaka alipostaafu, na kelele za mashine zilimwachia sauti isiyojua kunong'ona. Katika kota zetu hakuna asiyemfahamu. Ndiye anayejua ni duka gani linagawa mayai ya bure kwa wazee watakaokubali kusikiliza mhadhara wa dawa, na ndiye anayerudi na mayai bila kununua dawa. Watu walimpenda kwa hilo. Mume wangu, Mwalimu Mkuu Geng Bainian, alikuwa akisema dada yake akiamua anaweza kumuuzia samaki maji. Alisema hivyo kwa mapenzi, nami nilicheka pamoja naye kwa miaka mingi.

Mume wangu alipotimiza miaka mitatu kaburini, mwezi wa nane wa kalenda yetu, watu wa Hunan wanapokwenda mlima Nanyue kuchoma ubani, Suqin alikuja mlangoni na bakuli la pilipili za kuchachusha.

"Wifi, Jumamosi kuna basi la Nanyue. Nauli, chakula cha mchana, kiingilio cha hekalu, vyote kwa bei ya mabakuli mawili ya tambi."

"Bei hiyo haitoshi hata dizeli."

"Wanataka basi lijae tu. Na wewe hulipi kitu. Kaka yangu amelala kaburini hana hata moshi wa kunusa, nawe unawaza dizeli?"

Nilikubali kwa sababu ya ubani huo. Nilinunua vijiti vizuri, nikavifunga kwa karatasi nyekundu na kuandika jina la mume wangu kwa mkono wangu, kwa wino.

Tulipanda basi alfajiri. Lilikuwa limejaa hata wakaweka vigoda vya plastiki katikati ya viti, na karibu wote walikuwa jirani zetu. Nilifurahi kuwaona. Kiongozi wa safari, msichana aliyeitwa Tong, alituita sote mama na baba, kisha akashika kipaza sauti.

"Leo tumepata heshima. Tunaye Mwalimu Shen, mke wa marehemu Mwalimu Mkuu Geng. Mnaijua wenyewe familia ile, haiendi mahali pa ovyo."

Watu wakapiga makofi. Nilimuuliza Suqin msichana huyo amenijuaje.

"Nani asiyemjua kaka?" alijibu, akanimenyea yai.

Hatukwenda mlimani. Tulishushwa kwenye ukumbi wa dawa za mizizi, mlango ukafungwa nyuma yetu, na kijana mwenye koti jeupe akatueleza habari za maini yetu mpaka wachache wakanunua ili tutoke. Kutoka hapo tukapelekwa duka la magodoro, tukaambiwa tuyalalie kuyajaribu, tukiwa na viatu vyetu mikononi. Chakula cha mchana kilikuwa kabichi na maji yake. Miguu yangu ilivimba hata kamba za viatu hazikufungika.

"Nilikuja kumwomba mungu wa mlima," alisema Mzee Pu, fundi wa zamani wa kiwanda, "sasa namwomba dereva anionyeshe choo."

"Zuia, mzee," Suqin alimjibu kutoka nyuma. "Ukikojoa hapa watakuuzia karatasi."

Basi zima lilicheka, hata mimi.

Mahali pa mwisho kabla ya hekalu palikuwa duka la bangili na mapambo ya fedha. Nilitafuta kiti, nikaketi. Suqin alipita upande wa wauzaji, akamiminiwa chai bila kuomba, na mmoja wao akamwita dada Geng. Nilidhani ni uchangamfu wake tu. Kisha jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mama Ouyang, akanijia na bangili mbili nzito juu ya kitambaa. Alikuwa amebeba akiba yake yote, ile aliyojiwekea ya mazishi, maana mjukuu wake alikuwa anaoa.

"Mwalimu, nichukue ipi? Maana wewe umeshapima."

"Nimepima nini?"

"Wifi yako ametuambia sote. Kwamba ulikuja hapa mwezi wa tano, ukapeleka bangili mjini ikapimwa, ikawa fedha tupu. Bila hivyo ningethubutu?"

Nilimwomba asubiri. Nilimkuta Suqin kwenye masinki akinawa mikono.

"Umewaambia nini watu?"

"Punguza sauti, wifi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaka sauti ndogo. "Napata kidogo kwa kila mtu. Pensheni ya kiwanda unaijua. Jina lako halipungui likitajwa."

"Si jina langu. Ni la kaka yako."

"Basi ni langu. Mimi nimezaliwa Geng. Wewe ni Shen, umetukuta."

Ningeweza kunyamaza, na jina la Geng lingerudi kota likiwa safi kwa siku chache, mpaka bangili zipimwe. Nilirudi ukumbini. Mama Ouyang alikuwa ameshafungua kifuko chake.

"Mama Ouyang, rudisha hizo. Mimi sijawahi kuingia humu. Aliyekuambia amekudanganya."

Macho yote yalimgeukia Suqin, aliyekuwa akija nyuma yangu anafuta mikono kwenye suruali. Akaniwekea mkono begani kwa upole.

"Msimkasirikie," alisema. "Tangu kaka afariki anasahau. Juzi ameacha jiko linawaka. Sisi nyumbani tumeshazoea."

Sijawahi kuacha jiko likiwaka. Nilisema hivyo, na kadiri nilivyosema ndivyo nyuso zilivyonionea huruma. Mama Ouyang alirudisha bangili, akafunga kifuko. Alisema kukiwa na maneno, hanunui. Lakini alinishika kiwiko kunipeleka kwenye basi, hatua kwa hatua, kama mtu anayemvusha mgonjwa barabara.

Hekaluni tulikuta walinzi wanafunga milango. Nilitupa ubani wa mume wangu katika tanuri la nje pamoja na wa watu wengine, na Suqin akaja kusimama karibu yangu, akamwita kaka yake kwa sauti ile kubwa, akalia machozi ya kweli. Niliondoka nikamwacha analia.

Alileta mayai kesho yake. Sikufungua mlango.

Mabasi yake bado yanajaa. Nikikutana na jirani anayetaka kwenda, namwambia wazi: huyo ni dada wa mume wangu, na usipande basi lake. Wananisikiliza kwa adabu, wale niliowafundishia watoto wao kusoma. Wananishika mkono na kuniuliza polepole, neno moja moja, kama leo nimekula, na kama nimekumbuka kuzima jiko.