Diski Safi ya Baba wa Dagaa

Mume wangu Okomo hajui Kijapani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Mkuyuni wameshalisahau. Mtu akikaa kwenye banda letu la video, akamsikia Okomo na kipaza sauti chake anavyowapa Wajapani maneno ya Kiswahili, mara sauti ya mzee, mara ya binti, mara ya mbwa, ataapa kwamba bwana huyu amezaliwa Tokyo. Amezaliwa Shirati, na safari yake ya kukumbukwa ni ile ya kuja kunichumbia Sengerema, akatapika kwenye kivuko mbele ya wajomba zangu.

Kazi yake ni kutafsiri filamu. Anapunguza sauti ya picha, anakaa pembeni kwenye kiti chake cha plastiki, anawaeleza watu kinachoendelea. Kabla ya hapo huitazama filamu peke yake, akaamua nani ni baba wa nani na nani ni shemeji wa nani, maana kwao Shirati hadithi haianzi mpaka ukoo ujulikane. Kisha anawapa majina. Akishawapa, hata waliotengeneza filamu wakija wenyewe hawatambadilisha. Mimi hukaa mlangoni na soda na sambusa zangu, na nimemsikia akiwaozesha watu ambao ukiwatazama vizuri ni ndugu wa tumbo moja.

Filamu iliyomfanya ajulikane ni katuni moja ya Kijapani ambayo banda zima liliiita Baba wa Dagaa. Nakala yetu ilikuwa nakala ya nakala, chenga tupu, rangi zimechoka, na penye giza huoni kitu. Kuna binti, ambaye Okomo alimpa jina la Nyamizi ili kunifurahisha mimi Msukuma. Baba yake mvuvi anaondoka na boti asubuhi. Binti anamngoja. Anakwenda shule, anarudi, anagombana na bibi yake, anangoja tena. Mwishoni jua linazama, watu wa kijiji wanashuka ufukweni, na maji yanajaa taa ndogo ndogo zinazoelea. Hapo picha inakatika.

Sasa mwulize mtu wa Mwanza: umesimama ufukweni, giza limeingia, majini kumejaa taa, ni nini hicho? Atakuona mjinga. Ni wavuvi wa dagaa na taa zao za kuvutia samaki, kwani ni nini kingine? Okomo wala hakujiuliza. Siku ya kwanza alisimama kabisa kwenye kiti.

"Haoo! Wavuvi haoo! Na baba Nyamizi yumo!"

Banda lililipuka kwa shangwe, watu wakakumbatiana. Tangu siku hiyo, kila tulipoionyesha, baba alirudi.

Aliyeipenda kuliko wote ni mama Rozina, anayeuza chapati pale sokoni Mkuyuni. Naye ni wa Shirati, ndiyo maana Okomo anamwita mama. Mwanawe Nathaniel alikuwa mvuvi wa dagaa. Mvua moja mbaya ilipiga, boti ikakutwa imepinduka upande wa Kamanga. Wenzake walipatikana. Yeye hakupatikana, hata shati.

Kwa Waluo kama wao, mtu akipotelea majini na mwili wake usionekane, huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake. Ni tunda refu, zito, linabebwa kwa heshima kama maiti yenyewe, linalazwa kaburini, watu wanalia, msiba unakwisha. Wazee wa ukoo walikwisha kutuma ujumbe kutoka Shirati mara nyingi. Rozina alikataa. Alisema hawezi kumzika tunda mtu ambaye amekawia tu.

Na ushahidi wake ulikuwa banda letu. Alikuja kila Baba wa Dagaa ilipoonyeshwa, akakaa benchi la mbele na mjukuu wake Faith, binti wa Nathaniel, mapajani. Taa zilipotokea aligeuka nyuma na kutuambia sote, "Si mnaona? Alikawia tu."

Aliyeniumiza moyo mimi ni Gladness, mke wa Nathaniel. Aliishi kwa mama mkwe wake, viatu vya mumewe viko chini ya kitanda. Hakuruhusiwa kuvaa nguo za msiba, kwa hiyo hakuwa na siku ya kuzivua. Akicheka anatazamwa, akilia anakaripiwa kwamba anamtabiria mtu kifo. Nilimhurumia sana yule binti, na nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani.

Ndipo Pius akaja na diski. Pius ana duka la vyombo vya umeme pale mjini, na amesoma, Kiingereza chake kinanyooka. Alikuja na televisheni pana, na deki mpya ya Blu-ray, na ndani ya kasha la buluu, filamu yetu. Si ya kunakili; ya kiwandani, picha yake juu ya kasha inang'aa.

"Bwana Okomo," alisema, "nataka unipimie. Ukisema inafaa, naagiza nyingine na deki zake. Watu mjini wanaliamini neno lako."

Hakuna kitu kinachomwingia Okomo kama kuambiwa hivyo. Tulifunga banda mchana ule. Aliweka televisheni yetu kuukuu upande huu na ya Pius upande ule, akatia nakala ya zamani hapa na diski kule, zikaenda sambamba. Akafuta miwani kwa pindo la kitenge changu bila kuniomba.

Kusema kweli nilikuwa nimejiandaa kucheka. Bahari ambayo kwetu ilikuwa kijivu, kumbe ina kijani karibu na mawe na buluu nzito mbali. Boti ya baba ina kutu kwenye misumari. Gauni la Nyamizi, ambalo Okomo kwa miaka yote alisema ni jeupe, ni la njano na lina kiraka. Mvua iliponyesha nilinyanyuka kwenda kuanua nguo.

"Kaa, Mama Nestory," Okomo alisema huku anacheka. "Ni diski."

Alitoa hukumu zake kwa sauti, kama hakimu. Rangi, safi. Chenga, hakuna. Sauti ya maji unaisikia nyuma ya kisogo, lakini sauti za watu ziko chini mno na muziki unazifunika. Hilo ni kosa. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, madogo, na yanapita haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuyafuata. Pius aliafiki kila kitu.

Kisha tukafika mahali penye giza. Kwenye nakala yetu hapo huwa ni weusi mtupu kwa muda, na Okomo alipazoea hivyo mpaka akapafanya pa matangazo: "Kiu imekubana? Mama Nestory yuko mlangoni, soda baridi!" Kwenye diski hapakuwa na weusi. Palikuwa na chumba. Kwenye rafu palikuwa na picha ya yule baba katika fremu, mbele yake bakuli la wali na kijiti cha udi kinachofuka moshi. Nyamizi amepiga magoti, ameunganisha viganja.

Pius alikohoa. "Bwana Okomo, huyu si ndiye baba?"

"Ndiye."

"Mbona wamemfukizia udi?"

Okomo alifuta miwani tena. Tuliangalia mpaka mwisho. Taa zilipojaa majini, sote watatu tulisogea mbele. Hapakuwa na mtumbwi hata mmoja. Zilikuwa taa za karatasi, mshumaa ndani, maandishi pembeni, na watu waliziweka majini kwa mikono yao kisha wakaziachia. Nyamizi naye akaachia yake. Pius alisoma maandishi ya chini polepole: "Safiri salama, baba."

Na filamu haikukatika pale. Ilikuwa na kipande ambacho nakala yetu haikuwa nacho: binti na bibi wanarudi nyumbani, wanakula wali, bibi anatania jambo, binti anacheka na punje mdomoni. Asubuhi anakwenda shule.

Mwisho wa diski kulikuwa na mazungumzo na aliyeitengeneza, mama mtu mzima mwenye miwani. Pius alitueleza kwamba, kwa maneno ya mama huyo, ndivyo kwao wanavyowasindikiza marehemu wao: jina kwenye taa, taa kwenye maji.

"Diski ni daraja la kwanza," Okomo alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa jino.

Pius alifurahi, maana alikwisha kutangaza kwa spika sokoni kwamba Jumapili Baba wa Dagaa itaonyeshwa, picha safi. Na Rozina alikwisha kuniambia nimwekee nafasi yake.

Tuligombana, mimi na mume wangu. Alisema atatafsiri kama zamani, yeye ndiye mtafsiri. Nikamwambia penye chenga sawa, lakini penye picha safi watu wana macho. Akasema basi tuonyeshe ile kuukuu.

"Na Gladness je?" nilimwuliza. "Angoje mpaka meno yamdondoke? Baba Nestory, njia ya mwongo fupi, na wewe umeshafika mwisho wake."

"Mimi sikudanganya," alisema. "Niliona taa."

Hilo lilikuwa kweli, nikamwonea huruma. Jumamosi alitoka kwenda kumweleza Rozina mapema. Alirudi na chapati zimefungwa kwenye gazeti.

"Umemwambia?"

"Alikuwa anakanda unga."

"Mtu akikanda unga masikio yanaziba?"

Alikula chapati ile bila kunitazama.

Jumapili banda lilifurika baada ya ibada. Rozina alikuwa mbele, Faith mapajani, Gladness pembeni yake. Okomo alianza vizuri, mzaha wake ule ule, watu wakashangaa rangi na kumpigia makofi Pius kana kwamba kaichora yeye. Kikafika kile chumba. Watu walikaa tayari kwa tangazo la soda. Okomo akanyamaza.

"Tafsiri!" walipiga kelele nyuma. "Okomo, umelala?"

Hakutafsiri. Rozina nilimwona ameacha kutafuna sambusa yake. Filamu ilikwenda mpaka ufukweni, taa zikajaa, na kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mbona mitumbwi hakuna?"

Okomo alisimama.

"Jamani, nilikosea," alisema. "Miaka yote nilikosea. Hizo si taa za dagaa. Ni taa za kuwasindikiza waliokufa. Baba yake alikufa majini, na binti anamuaga. Anasema: safiri salama, baba."

"Acha hizo!" mtu alifoka. "Staringi hafi!"

"Staringi hajafa," Okomo alijibu. "Mimi nilimkodolea macho baba, kumbe staringi ni mtoto. Mtazameni. Yu hai."

Kwenye picha Nyamizi alikuwa anakula wali, anacheka. Gladness alikuwa ameuziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka, na safari hii hakuna aliyemkaripia.

Rozina alimkabidhi Gladness mtoto, akaenda mpaka kwenye televisheni. Niliogopa. Nilidhani ataivuta chini.

"Mwanangu Okomo, rudisha pale kwenye taa."

Okomo alirudisha. Rozina aliinama mpaka uso wake ukawa na rangi ya mishumaa ile.

"Haya maandishi ni nini?"

"Majina yao, mama," Pius alisema.

"Na ya binti ni jina la baba yake?"

"Ndiyo, mama. La baba yake."

Alitazama taa zile mpaka zikaisha. "Kwa hiyo mtoto alijua," alisema.

"Alijua, mama," Okomo alisema.

"Na bado akala."

"Akala, mama. Na akacheka."

Rozina alivuta kanga yake vizuri begani, akamwambia Gladness, "Twende nyumbani." Nilitaka kumfuata, Okomo akanishika mkono. Siku mbili hatukuwa na usingizi pale nyumbani. Mume wangu alikuwa na hakika ameua mtu. Kisha Gladness akaja mlangoni kwangu. Alikuwa amevaa nguo nyeusi. Shikamoo yake ilikuwa na nguvu ambayo sikuwahi kuisikia.

"Mama ametuma salamu Shirati," alisema. "Wazee wameshapata yago. Anaomba na ninyi mje."

Tulikwenda, Pius pia. Nilimzoea Okomo wa kipaza sauti. Okomo aliyelibeba lile tunda pamoja na wanaume wa ukoo, taratibu, kichwa wazi, sikumjua, na nilijivunia kuolewa naye. Watu walilia kilio cha haki, kilichokuwa kimengoja miaka. Rozina alilia kuliko wote, na Gladness akalia bila kumwogopa mtu. Mchungaji alipomaliza sala, Rozina alisema, "Okomo amuage Nathaniel. Maneno ni kazi yake."

Okomo alisogea kaburini. Alifungua mdomo, maneno hayakutoka. Mtu aliyewasemea mbwa na majenerali alisimama pale anatazama udongo. Nilikuwa namsogelea ili nimshike mkono, ndipo Faith akachomoka kwenye kanga ya mama yake, akachungulia chini.

"Safiri salama, baba," alisema.

Alisema kwa sauti ile ile ambayo Okomo aliitumia bandani. Kisha akamgeukia bibi yake na kumwuliza kama wali umeiva. Rozina alicheka, machozi yangali mashavuni, mbele ya wazee wote wa ukoo.

"Umeiva, mama yangu," alisema, akamshika mkono, wakaenda kupakua.