Siku Wazazi Walipomwombea Kinyonga Wangu

Mimi ni mwalimu wa biolojia, na ninalisema hilo mapema kwa sababu ndiyo aibu yenyewe: miaka kumi na tisa nafundisha watoto wa watu jinsi wanyama wanavyozaliana, halafu nikaishi na mnyama nyumba moja miezi minne bila kujua kama ni dume au jike, na aliyenifumbua macho, mbele ya wanafunzi wangu na wazazi wao na Madame Préfète, mkuu wetu wa shule, ni mama anayeuza mboga za lengalenga sokoni. Chekeni tu. Mke wangu bado anacheka.

Mnyama mwenyewe ni kinyonga. Nilimwokoa kwa mafundi waliokuwa wakijenga ukuta kwa jirani yetu kule Makomeno. Walimwona kwenye majani, wakaruka nyuma wote watatu, wakaanza kuokota mawe (mnajua watu wetu na kinyonga, akionekana mlangoni tu mtu anahesabu ndugu zake kama wote wazima), nami nikajitia ushujaa, nikamchukua pamoja na tawi lake, nikamweka barazani kwetu, ambako nilimfungia matawi dirishani juu ya sakafu ya saruji. Kwa vile alikuwa wa kijani kama sare ya jeshi na alitembea kama kanali anayekagua gwaride, nikamwita Kolonel. Mke wangu, Mama Béa, aliapa hatamkaribia, lakini wiki mbili hazijaisha nikamfuma anamnyunyizia maji kwenye majani huku akimuuliza kama amelala vizuri.

Mwezi wa Machi, mvua zikiwa zinaelekea kuisha, Kolonel akaacha kula. Nilimletea panzi mnono, akamtazama kwa jicho moja, lile la pili hata halikujisumbua. Tumbo likavimba na kuwa na vinundunundu, ngozi ikaingia madoa meusi, na kilichonitisha zaidi, yeye ambaye hakuwahi kushuka kutoka kwenye tawi akawa anashuka kila siku, anazunguka sakafuni, anakwaruza pembe za ukuta kama mfungwa. Siku ya nne macho yakaanza kudidimia. Mimi mtaalamu nikatoa hukumu: amefunga choo, panzi wamezidi. Nikaenda kutafuta mafuta ya mbarika nimtie mdomoni, Mama Béa akaninyang'anya chupa.

"Baba Béa, weye si docteur. Ita docteur!"

Nikampigia simu daktari wa wanyama, kijana mmoja mpole ambaye kliniki yake iko barabara mbili tu kutoka shuleni kwetu, katika komini ya Kenya (mtaa wa mji wetu, si ile nchi). Akasema, "Usimupe kintu, Prof. Mulete samedi, niko pale mpaka midi."

Sasa, Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kuwapa wazazi bulletin, yaani ripoti za matokeo, za watoto wao kabla ya likizo ya Pasaka. Mama Béa akasema nipite kwanza kwa daktari, shuleni nichelewe, na nimwambie Madame Préfète ukweli. Ukweli! Kumwambia mwanamke yule, ambaye mlinzi wa mlangoni akimwona anafunga vifungo vya shati, kwamba nimechelewa kwa sababu ya kinyonga? Nikaona nina akili zaidi: nitakwenda naye shuleni, nimweke chini ya kiti, saa tano, kabla daktari hajafunga saa sita, nichomoke kidogo. Nikamlaza ndani ya mkoba wangu wa ngozi juu ya kitambaa chenye maji, zipu nikaiacha wazi vidole viwili ili apumue. Uamuzi mdogo tu, mnaona?

Madame Préfète nikamkuta mlangoni pa salle, ukumbi wetu wa mikutano. Nikajipanga kusema kitu cha maana, lakini mdomo ukafuata mazoea ya nyumbani.

"Madame, naomba saa tano nitoke kidogo. Kolonel iko mugonjwa sana, docteur anatungojea."

Uso wake ukabadilika. "Colonel? Iko ndugu yako?"

"Iko... anaishi kwangu mu nyumba," nikajibu (na huo haukuwa uongo).

"Oh, Prof! Pole sana. Courage." Akanishika bega. Miaka yote hiyo yule mama hajawahi kuniambia neno tamu, na neno lenyewe lilikuwa tamu kiasi kwamba nikalimeza kimya kimya badala ya kulisahihisha.

Salle ilijaa. Wazazi kwenye mabenchi, wanafunzi wa mwaka wa sita wamesimama nyuma, sisi walimu jukwaani mezani, na kila upande wa jukwaa chungu kikubwa cha maua. Madame Préfète akasimama kufungua kikao, akakaribisha watu, kisha akashusha sauti.

"Wazazi wapenzi, mbele ya kutoa ma-bulletin, Prof wetu iko na mugonjwa kwake. Ni colonel mumoja, hali yake ni mubaya. Tusimame, tumuombee."

Wakasimama watu kama mia mbili. Walifumba macho, mama mmoja akaongoza sala ndefu, akaomba damu ya Colonel isafishwe, akaomba familia yake ifarijiwe, mimi nimeinamisha kichwa na jasho linanidondoka kwenye karatasi. Baada ya amina nikadhani yamekwisha. Hapana. Kwenye benchi la pili kulikuwa na baba wa mwanafunzi mmoja, mwanajeshi, na alikuja na sare yake. Akanyoosha mkono.

"Prof, ni colonel gani? Wa kikosi gani? Naweza tuma motokari imupeleke ku hôpital."

"Ni... wa Makomeno," nikasema.

"Makomeno? Ba-colonel ba Makomeno mi nabajua bote."

Nikasogeza mguu chini ya kiti kuupapasa mkoba, labda kwa kutafuta nguvu. Ukabonyea wote. Ulikuwa mtupu.

Wakati huohuo msichana wa benchi la mbele akapiga yowe: "Prof! Nyama mu maua!" Tukageuka wote. Kwenye chungu cha kulia udongo ulikuwa unaruka, na katikati ya udongo ule mkia wa kijani. Kolonel alikuwa anachimba. Kelele zikamfanya atoe kichwa, akavimbisha shingo, akapanua mdomo wake wa rangi ya machungwa na kutoa mlio wa tairi linalotoka upepo. Basi, mabenchi yakaanguka, mwalimu wa Kifaransa akaruka kutoka jukwaani, yule mwanajeshi (sisemi alipiga kelele) tukamkuta amesimama juu ya benchi, na mlinzi akaja mbio ameinua ufagio juu. Nikajirusha mbele ya chungu mikono nimeitandaza.

"Musimuue! Ni yeye! Ni Kolonel!"

Madame Préfète akavua miwani yake polepole.

"Prof. Tumeombea nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Nkulu akainuka. Huyu ni mama wa mwanafunzi wangu mmoja, mwuza lengalenga, amekulia mashambani kaskazini. Akapanda jukwaani bila haraka, akainama, akatazama tumbo la Kolonel, akanitazama mimi.

"Prof, colonel wa nini? Huyu iko mwanamuke. Iko na mayayi, anatafuta udongo ayatie. Ku mashamba tunabaonaka kila mwaka. Kwako akuna udongo?"

Kwangu kulikuwa na saruji. Nyuma ya salle mwanafunzi akauliza kwa sauti, "Prof, hii itatoka mu examen?" na watu mia mbili waliotoka kulia kwa sala wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Daktari alipopigiwa simu alikuja kwa miguu. Hakumgusa. Alitazama tu kwa mbali, kisha akanivuta pembeni, na hapo kicheko kikaniisha. Kule kukwaruza ukuta, kukataa chakula, kushuka chini, zilikuwa alama za mayai. Macho kudidimia ilikuwa kiu. Angekosa udongo siku mbili au tatu zaidi mayai yangemkwama tumboni na kumuua, na mafuta yangu yasingemsaidia hata kidogo. "Sasa mumuache," akasema, "watu batoke."

Nilidhani Madame Préfète atatufukuza mimi na mnyama wangu. Badala yake akaamuru mabenchi yatolewe, na bulletin zikagawiwa uani juani, huku yeye mwenyewe ameweka kiti mlangoni pa salle, hapiti mtu. Saa tisa na zaidi Kolonel akamaliza, akafukia shimo lake kwa miguu ya nyuma, akapanda juu ya ua amekonda, amejaa tope. Daktari akanionyesha jinsi ya kudondosha maji kwenye jani, tone baada ya tone. Akanywa. Akanywa tena, akafumba macho kila akimeza, na mimi na suruali yangu ya kikao nimepiga magoti pale nikahisi kifua kinafunguka kama mtu aliyetolewa jiwe. Hata yule mwanajeshi alikuja kuchungulia, kofia mkononi. "Amefanya kazi," akasema, akaondoka.

Madame Préfète naye akasema, "Sala yetu imefika. Lakini lundi, saa moja, ku bureau yangu."

Jumatatu adhabu yangu ikatoka: somo la kinyonga kwa madarasa yote, Mama Nkulu amekaa mbele anaeleza, na mimi nimeshika chaki naandika anachosema. Nimeapa mambo mawili. Mnyama akibadilika tabia nitauliza siku ileile, nimwulize yeyote anayejua, hata kama hana diploma. Na mgonjwa wangu akiwa na miguu minne, nitasema ana miguu minne, kabla watu hawajasimama kumwombea.